Vigingi Mashariki ya Mlango

Silibwet,
S.L.P. 41,
Bomet.
Jumapili, 17 Januari 1993.

Mpendwa Senge Elmina, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Yale magoti yamepoa, au hata joto la Voi limeshindwa kuyatibu? Na mumeo, Mzee Oketch, bado anaamka saa kumi na moja kana kwamba garimoshi haliwezi kuondoka bila yeye, ilhali amestaafu? Barua yako ya Krismasi ilifika salama, na leso ya binti yako Eucabeth pia. Nimeivaa leo kanisani na wanawake wa jumuiya wakanishika pindo, wanataka kusoma maandishi. Asante sana.

Mimi sijambo. Shule imefunguliwa na watoto wamesahau yote niliyowafundisha mwaka jana, kwa hiyo kazi ipo. Majani ya chai yamepungua kwa jua hili la Januari. Ng'ombe amezaa ndama jike. Hizo ndizo habari njema, Senge, na zimeisha.

Kaka yako anatuacha. Hajatoka kitandani tangu wiki ya Krismasi. Kifua kimejaa, miguu imevimba, na daktari alituambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Hali kitu ila uji na maziwa ya mursik kidogo. Akili yake ni nzima kuliko yangu.

Kufa sote tutakufa, na Baba haogopi. Lakini anataka kitu kimoja kabla hajafa. Anataka apokee Komunyo, na azikwe na padre kando ya Mama, bila kukiri dhambi ambayo hakuitenda. Hakipati kitu hicho, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nimemfungia mara mbili.

Wewe ulikuwa umeshaolewa huko mbali, ukaambiwa tu kwamba kaka yako Jonah amekosana na Padre na ameacha ukatekista. Sikuwahi kukueleza yote kwa sababu ya aibu. Leo nakueleza.

Ilikuwa mwaka wa 1964, nami nilikuwa na miaka tisa. Yule Bruda seremala wa misheni alipokuwa akirudi kwao alimwachia Baba kitabu cha jua na nyota. Ndani yake mlikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu ameshika darubini. Ndiye Galileo wa Italia, aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na Kanisa likamshtaki, likamlazimisha apige magoti akane maneno yake. Baba alikisoma kitabu kile mpaka jalada likang'oka. Unamjua kaka yako, haamini kitu mpaka akishike. Akachonga vigingi saba. Akawa anakaa kwenye jiwe lile lile kila alfajiri, na kila mwezi akapigilia kigingi mahali jua lilipochomoza, kutoka Juni mpaka Desemba. Kisha akawaonyesha watoto wa dini jinsi linavyoonekana kusogea, akasema halisogei hilo, tunaosogea ni sisi.

Senge, unajua mwenyewe mabwaita, madhabahu ya babu, yalisimama wapi. Mashariki ya mlango, matawi yamefungwa pamoja, na wazee wakiomba hapo wakitazama jua. Vigingi vya Baba vilikuwa mahali palepale. Angeviweka wapi kwingine? Jua halichomozi nyuma ya zizi.

Wazee wakasikia kwamba Jonah anafuatilia jua, wakaanza kuja kutazama. Hawakujali Galileo. Walifurahi tu kwamba mtu wa kanisa amelikumbuka jua. Asubuhi moja walikuwapo watano, na mzee arap Tonui, aliyekuwa hajabatizwa, akainuka, akatema mate kidogo kuelekea mashariki na kuomba baraka kwa Asis, Mungu wa jua wa wazee, kama alivyozoea maisha yake yote. Wengine wakamwitikia. Baba alikuwa kwenye jiwe lake, jicho moja amelifumba, anapima. Sidhani kama aliwasikia. Na ndipo pikipiki ya Padre Anselmi ikaingia uani.

Padre hakumuuliza Baba. Aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na pikipiki nikiitamani. "Mtoto, hawa wanafanya nini hapa?" Nami nikajibu kwa sauti ya darasani, nikitarajia peremende: "Wanaomba jua, Padre. Baba ametufundisha jua ndiyo iko katikati, sisi tunaizunguka."

Kila neno lilikuwa la kweli. Yalipounganishwa yakawa kamba ya shingo.

Baba alileta kitabu kujitetea, na hapo akaharibu zaidi. Akamwambia Padre kwamba hata Roma ilimkataza mtu huyu, na mtu huyu alikuwa sawa. Padre akawa mwekundu mpaka masikioni. Huku kwetu Wakatoliki ni wachache, na wenzetu wa makanisa mengine wangesikia kwamba katekista anafundisha Roma ilikosea, wangeimba mwaka mzima. Akampa Baba hiari. Asimame Jumapili mbele ya watu akiri kwamba amerudia ibada ya jua, avichome vigingi, na yaishe. Au arudishe msalaba wa ukatekista na asikaribie meza ya Bwana.

Baba akarudisha msalaba. Galileo alipiga magoti, Senge, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kaka yako hakupiga. Miaka ishirini na minane amekaa benchi la mwisho, wengine wakipanga foleni ya Komunyo yeye anatazama viatu vyake. Mama alipokufa, Misa ya mazishi aliisikilizia mlangoni. Watu wa makanisa mengine walikuja kumvuta akawaambia, "Nimefukuzwa mezani, sijafukuzwa nyumbani."

Mwaka jana mwanzoni mwa Novemba, Joab, karani wa kiwanda cha chai na mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuja mbio asubuhi na redio kwapani, kana kwamba habari ingali ndani yake. "Mzee Jonah! Rome imekubali! Imesema ilikosea Galileo!" Baba akamwambia arudie mara tatu. Kisha akacheka, Senge, kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama alipokuwa hai. Akasema, "Huyo amengoja miaka mia tatu na hamsini na tisa. Mimi ishirini na minane. Kwa hesabu yao mimi bado kijana." Akaomba maji ya kunyoa. Akavaa koti lake la harusi na tukaenda parokiani siku hiyo hiyo, yeye mbele, mimi nyuma nikimwomba apunguze mwendo.

Padre Anselmi alikufa zamani. Sasa yuko Padre Makori, kijana, mtu wa Kisii, mpole. Alitupa chai. Akafungua kitabu kikubwa cha parokia, akakuta jina la Baba, na pembeni yake, kwa mwandiko wa Anselmi: amerudia ibada ya jua.

"Mzee, hii ni kitu ya dakika tano," akasema. "Ingia kitubio, sema ulikosa, Jumapili ukule Komunyo."

"Nilikosa nini, Padre?"

"Hii imeandikwa hapa."

"Hata ya Galileo ilikuwa imeandikwa."

Padre Makori alicheka, lakini akaacha haraka. Akaeleza kwamba ya Galileo ilikuwa mambo ya sayansi, na ya Baba si sayansi, ni ibada. Hawezi kufuta mwandiko wa padre mwingine. Ataandika kwa Askofu, ila anahitaji mtu aliyekuwapo. Wazee wote watano wako kaburini. Baba akanigeukia na uso umeng'aa. "Huyu alikuwapo. Na huyu hajui uongo."

Kwa hiyo nikaketi mbele ya meza ile, na Padre akaandika. Nikaeleza vigingi, jiwe, kitabu. Aliandika yote vizuri, hata akachora. Kisha akauliza kama wazee walitema mate kuelekea jua. Nikasema ndiyo. Kama waliomba. Nikasema mmoja aliomba, wengine wakaitikia. Kama ilikuwa penye vigingi vya baba yangu, na baba yangu yupo, na hakuwakataza. Nilitafuta jibu jingine nikalikosa. Nikasema ndiyo, nikatia sahihi. Baba alinipigapiga begani tulipokuwa tunatoka. Alifikiri nimemwokoa.

Jibu lilikuja tarehe nane mwezi huu, na Padre Makori alinisomea mimi peke yangu. Shahidi mwenyewe amethibitisha kwamba ibada ilifanyika, kwa hiyo neno la marehemu Padre Anselmi linabaki. Mzee akitubu, mlango uko wazi. Padre alinipa pole kwa macho ya machozi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ungekosewa na mtu mbaya ungekuwa na pa kutupia jiwe.

Sikumwambia Baba. Kila siku akauliza, nami nikasema posta ya Bomet imelala.

Jumatano Padre Makori alikuja na mafuta ya wagonjwa. Akapiga magoti sakafuni penyewe, akamuuliza Baba kwa upole kama anatubu dhambi zake zote. Baba akasema, "Zote. Isipokuwa ile sikufanya."

"Sema tu zote, Mzee. Mungu atachambua."

"Hapana. Wewe ndiye utaandika kwamba nimekiri."

Akageukia ukuta. Padre akaifunga chupa yake ya mafuta. Alipoondoka hakuweza kunitazama. Joab alimfuata mpaka barabarani akimsihi, akarudi peke yake.

Leo asubuhi, kabla sijaenda kanisani, Baba aliomba nifungue mlango. Amelala akielekea nje sasa, tulikigeuza kitanda. Kigingi kimoja bado kipo, ule mti wa Desemba, umeota kuvu. Akauliza jua limechomozea wapi, nikamwambia limeshaanza kurudi kushoto. Akaridhika. Halafu akauliza, "Askofu amejibu?"

Senge, sikuweza tena. Nikasema amejibu. Nikatoa bahasha mfukoni, nikamsomea kwamba jina lake limesafishwa, kwamba Kanisa linamshukuru Jonah kwa uvumilivu wake, kwamba Padre atamletea Komunyo. Nilisoma vizuri, kama ninavyosomea darasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Hiyo ni bahasha ya Elmina. Naona mwandiko wake."

Ilikuwa barua yako ya Krismasi. Nikaanza kulia. Akaushika mkono wangu na vile vidole vilivyobaki mifupa, akasema, "Ungekuwa unajua kudanganya, ungedanganya siku ile ya pikipiki ya Padre. Miaka yote hii nimejivunia hilo. Usianze leo kwa ajili yangu."

Alikuwa anajua, Senge. Amejua nilichomwambia Padre tangu nikiwa na miaka tisa, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja.

Barua hii itachukua juma zima kukufikia, labda zaidi. Kama magoti yanakubali, njoo. Kama utakuta tumeshamlaza, usiulize padre yuko wapi. Leta kitabu chako cha sala, kwa sababu Joab na mimi tutahitaji mtu wa kuitikia.

Mpe Mzee Oketch salamu zangu za heshima. Msalimie Eucabeth na mtoto wake, umwambie leso nyingine asinitumie, nitavaa hii hii. Joab na mkewe Ayoo wanawasalimu. Mungu awalinde huko, awape usingizi mwema na mvua kidogo.

Akupendaye daima, mtoto wa kaka yako,

Chemutai