Mafiga ya Mama

Wifi yangu Dama,

Kabla ya lolote, hujambo? Kiuno kimepoa? Na Mama, na watoto, na yule mbuzi wako mkorofi? Mimi huku Uingereza ni mzima, ila baridi imenikausha midomo, nikicheka inapasuka.

Wifi, nimekukosea. Lile wazo la kumtenga Mama lilikuwa langu. Karisa aliponipigia kwamba wanaandikishwa wazee wanaoishi peke yao wapate msaada wa serikali, ni mimi niliyemwambia, "Kaka, mhamishieni Mama jiko. Mwenye jiko lake ana nyumba yake, atahesabiwa peke yake." Nikajiona mjanja! Naye mumeo, kwa kumsikiliza dada yake wa Ulaya, akayabeba mafiga ya Mama mpaka kule mwisho wa shamba, kwenye kile kibanda cha mahindi.

Yaliyofuata wewe hukuniambia neno. Karisa mwenyewe ndiye aliyenieleza juzi, kwa aibu. Kwamba siku tatu Mama alisonga sima ya watu wanane, akakaa nayo akiwangoja, na watoto walikuwa wamekatazwa wasionekane kule. Ikipoa anawapa kuku. Yeye hali. Uliposikia, ukayafuata mafiga, ukayarudisha moja moja kichwani, na kiuno hicho! Karisa akafoka kwamba waandikishaji wanakuja kesho. Ukamjibu, "Basi watamkuta anakula." Na walipouliza Mama anaishi na nani, ukasema, "Na mimi. Chungu chetu kimoja." Jina lake halikuandikwa.

Asante, wifi. Nasema tena, asante sana.

Kazi yangu unaijua, natunza wazee. Serikali ya hapa haijawapunja: kitanda safi, dawa kwa saa, na mimi nala kwa kazi hiyo, sitaitukana. Kuna bibi mmoja ninayemwogesha, ana watoto wanne. Kila mchana huniambia, "Kaa ule nami." Sheria ya kazi hairuhusu, basi mimi hucheka tu nikapita na sahani za wengine. Siku niliyosikia habari ya sima ya Mama nilivuta kiti nikakaa. Akala yote, wifi, hata njegere ambazo huwa anazisukuma pembeni! Msimamizi alinikemea.

Serikali isaidie, sijabadili neno. Hapo Kakuyuni wapo wazee wasio na mtu kabisa, na hao ndio waandikwe. Lakini sisi Mama tulimfanya hana watu, ilhali anao. Msaada gani huo, mpaka nyumba ivunjwe ndipo uingie? Wewe uliyeolewa tu hapo uliliona. Sisi tuliozaliwa naye, macho yalikuwa kwenye fomu.

Mpe Mama shikamoo yangu kabla hujamwambia jingine, na umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nimwombe mwenyewe. Mumeo mwambie simlaumu. Watoto wote nawapakata, na shangazi yetu wa Matsangoni akipita mwambie ile leso aliyonitumia nimeipata.

La mwisho, wifi. Unajua mimi sikuzaa. Nitakaporudi nimezeeka, wakija na fomu zao wakauliza huyu anaishi na nani, nakuomba uwajibu vile vile.

Ni mimi wako,
Kadzo