Kirusi Kilichohasiwa

Bangkok, 3 Juni

Mama mkwe,

Mot amenitemea wali wa kunata kifuani sasa hivi, kisha akajipigia makofi. Ndiyo salamu yake kwa bibi. Nami nakuamkia, mama. Goti linasemaje? Nyati wako wameanza kulima?

Ile tiba nimeikubali. Wamemchuja Mot mbegu za damu, zile zinazozaa damu mpya, wamezipeleka maabara. Huko kirusi kitazibebea jeni nzima, maana ile aliyoirithi kwetu, mimi na baba yake, ni mbovu. Zikirudi mwilini, huenda asiongezewe tena damu ya watu kila mwezi. Nisikufiche: asili ya kirusi chenyewe ni kile cha ukimwi.

Mkamwana wako,
Oi

Nong Bua, 12 Juni

Oi,

Goti linauma, na sasa umeniongezea kichwa. Ukimwi! Kwa mjukuu wangu! Umeishia darasa la sita, leo umekuwa profesa? Na mwanangu huko Taiwan amekuwa bubu? Damu ikisafiri bila mwili, roho ya mtoto itajuaje njia ya kurudi? Mlete huku. Ukikaidi, usiniite mama.

Bibi yake Mot

Bangkok, 30 Julai

Mama,

Nakuita mama vilevile, utanifanya nini? Hujambo lakini? Barua zangu mbili umezinyamazia, hii utaisoma.

Wewe nyati dume ukishamhasi, hazai tena, lakini jembe si analivuta? Basi na kirusi hiki wamekihasi. Hakizai; kinavuta mzigo tu.

Kabla ya mbegu kurudi, walimpa Mot dawa kali ya kufuta uboho wa zamani. Nywele zote chini. Hapo hakuna kugeuka, mama: mbegu zisiposhika, tumempoteza. Mfuko wa mbegu ulipotundikwa nikasimama mbele ya madaktari nikaita kama uitavyo wewe, ila bila kuku wa kuchemsha wa kuitia roho: "Ee roho ya Mot, rudi! Usizurure maabara, mama yako yuko hapa!"

Muuguzi akasema, "Dada, punguza sauti."

Nikaongeza.

Leo wamesema zimeshika. Anatengeneza damu yake mwenyewe! Bado wanamwangalia kwa makini, ila masikio yake yameanza kuwa mekundu, na mimi siombi radhi kwa

Ngoja, muuguzi ananiita. Eti kuna bibi langoni amekumbatia kuku wa kuchemsha, anawafokea walinzi, anasema wasipomwitia mkamwana wake sasa hivi, basi yeye