Kompyuta ya Tatu

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo huko? Mimi sijambo, magoti tu yananikumbusha umri. Zile kompyuta mbili za Linux ulizonifungia zimeanza vituko. Nyimbo za marehemu baba yako zinatoka sebuleni vizuri, zikifika huku kwenye chumba cha cherehani zinakatika-katika. Nifanyeje? Bila nyimbo zile kazi haiendi.
Mama yako

6 Machi

Mama, shikamoo.
Mimi mzima, ni kazi tu. Zima ruta, hesabu hadi thelathini, iwashe. Ikikataa, isogeze karibu na mlango. Usimwite fundi, atakuvurugia mipangilio.
Mwanao

14 Machi

Marahaba, mwanangu.
Ruta nimezima, nimesogeza, wapi. Nimemwita fundi, nyumba ni yangu. Ameifungua kompyuta ya huku, akaniuliza, "Mama, unaishi na nani?"

Anasema inapokea nyimbo, na papo hapo inatuma sauti ya chumba hiki kwa kompyuta ya tatu. Kazi mbili zinaishinda, ndiyo maana inakatika. Maikrofoni iko wazi, mtu ananisikiliza. Alitaka kuifunga, nikamkatalia. Nataka nimnase mwenyewe.

Mwenyewe namjua. Mpangaji wangu, yule muuguzi, ana laptopu yake, na anatembea kwa kunyata. Juzi alinisifia wimbo niliouimba mlango umefungwa. Miaka minne tunakula meza moja. Kikulacho ki nguoni mwako.
Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo.
Pole na kikohozi, kunywa maji ya moto. Usimhukumu mtu kwa maneno ya fundi, huenda ni programu tu imejichanganya. Mwache muuguzi wa watu. Nikipata likizo nitakuja kukagua.
Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,
Muuguzi nilimfukuza tarehe ishirini, humu humu kwenye chumba cha cherehani. Aliapa, akalia, nikamwita nyoka. Akaondoka na laptopu yake.

Kesho yake nyimbo bado zinakatika. Fundi akaja, akaangalia: kompyuta ya tatu bado ipo.

Nikazitoa barua zako, nikazisoma tena. Kikohozi kilinianza tarehe kumi na tano. Nani alikuambia?
Mama yako

5 Aprili

Mama, shikamoo.
Ni mimi. Tangu tumzike baba, nikiwa kazini nasikiliza cherehani yako. Ikilia najua uko hai. Siku ile nilimsikia muuguzi akiapa. Nilishika simu mara tatu, nikaona haya. Nisamehe.
Mwanao

9 Aprili

Marahaba.
Ungeniomba, ningekuachia wazi mchana kutwa. Unajua hivyo, na ndicho kinachoniuma.

Muuguzi nimemfuata hadi kazini kwake. Hakutaka kunitazama, ila amekubali kuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nitamwomba radhi kabla hajakaa. Fundi amegeuza njia: maikrofoni ya huku imefungwa, spika zimebaki, na sauti sasa itatoka kwako kuja kwangu. Nyimbo nitazizima, usije ukasingizia zinakukata.

Saa nne na robo utasema mwenyewe ulichofanya. Sisi wawili tutakaa kimya, tukusikilize.
Mama yako