Dirisha Linalotazama Mnara wa Saa

Jumatatu, 3 Machi

"Msanii wa kike akishapanda jukwaani ni mali ya umma. Asiyetaka kuguswa abaki kwao." Kasema mtangazaji wa asubuhi, redioni, na wenzake studioni wakacheka. Mali ya umma ni barabara, bwana. Ni bomba la maji, na hata bomba lina saa zake za kufungwa. Yeye mwenyewe yuko hewani mwaka wa kumi na mbili huu — mbona sijasikia mtu akimshika kiuno pale getini kwake?

Anayesemwa ni Chiriku, mwimbaji, binti wa marehemu kaka yangu. Jina hilo ni la nyumbani. Mashabiki wana lao. Jumamosi, akishuka jukwaani, mwanamume mmoja alimzungushia mkono kiunoni ili apige naye picha. Chiriku akauondoa ule mkono. Hakutukana, hakusukuma. Video ya sekunde sita. Sasa mtandao mzima unajua kwamba ana maringo, ana mimba, ana mashetani.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa wifi yangu, mama yake Chiriku. Anashona sare za shule chumbani mle mle anamolala. Chiriku yuko kwake tangu Jumapili. Daktari wa koo amemkataza kutoa sauti wiki tatu, hata kunong'ona. Akikiuka ni upasuaji, na sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Kwa hiyo wote wanamsema, yeye hasemi. Anaandika kwenye karatasi za kaki ambazo mama yake huchorea nguo kabla ya kukata.

Nyumbani kwake wamejaa wenye kamera. Hapa hakuna anayepajua.

Wifi, sindano mdomoni, akaniuliza: kalamu ya gazeti unayo, wifi, unawasubiri nini? Kaitoa sindano ili anigombeze vizuri.

Chiriku aliandika: Shangazi, nataka tu wanisahau kidogo.

Nikaisoma, nikaikunja, nikaitia mkobani. Kichwani nilikuwa nimeshaanza aya ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Makala yangu ya Jumapili imekwenda gazetini. Mhariri kapiga simu: imekaa vizuri, ila katikati ni hasira tupu, hakuna cha kuona. Akanirudishia kanuni yangu mwenyewe, ile ninayowapigia kelele waandishi wote pale ofisini — hoja isiyo na kitu cha kushika ni domo tu.

Ana haki. Nikaongeza sentensi mbili. Msichana ameketi kati ya sare za bluu zilizotundikwa, haruhusiwi kusema, anatazama dirishani mnara wa saa uliokwama saa nne kasorobo. Nzuri. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Imetoka. Simu haijapumzika. Mwalimu wangu wa zamani anasema alilia. Nimekunywa chai nikitabasamu peke yangu.

Saa tano. Kuna mtu ameweka picha ya mnara mtandaoni. Saa nne kasorobo. Mwingine kajibu: sare za bluu ni za shule iliyo nyuma yake, na mshonaji wake ni mmoja tu, orofa ya pili. Wakachora mistari myekundu kutoka mnarani hadi madirishani, kama wapimaji wa viwanja. Dakika arobaini tu, wamemaliza kazi. Na wananishukuru. Mmoja ameniita shangazi wa wote.

Aliyewaonyesha njia si mtangazaji. Mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa sakafuni kwa wifi, chini ya usawa wa dirisha. Niliingia kwa nyuma, kupitia ua wa dobi, nimejifunika kanga mpaka puani. Pazia limeshushwa. Cherehani imesimama: wifi ana sare arobaini za kumaliza na hathubutu kukanyaga, maana mlio huo ndio wanaousikilizia.

Chini wamefika thelathini hivi. Nawasikia. Mmoja anasema yumo, kaona pazia likitikisika. Mwingine anasema aimbe mstari mmoja tu, wataondoka. "Mama, fungua, sisi ni familia." Halafu mwanamke mwenye sauti nzuri, ya kusomea watu, anasoma sentensi yangu. Anasoma vizuri. Anasimama penye mkato, kisha nawasikia wakilinganisha na picha ya mnara simuni.

Mhariri kaleta ujumbe: ukurasa wa kwanza ni wangu, niwajibu kabla ya saa kumi, na nisisahau kueleza hali ilivyo hapo mlangoni.

Ningeshuka niwapashe. Ningewapasha mpaka wasahau njia ya kwao. Lakini uso wangu upo juu ya kila makala niliyoandika. Sasa hivi wanakisia tu, nikitokea, nimewathibitishia.

Nimemuuliza Chiriku nifanye nini. Kaandika: Ijumaa hukuniuliza. Kisha, chini yake: Na unatamka maneno unapoandika. Punguza sauti.

Wifi kacheka kwa pua. Halafu akageukia ukutani.

Wamepanda ngazi. Wanagonga. Chiriku alifungua mdomo — alitaka kuwafukuza, niliona akivuta pumzi — nikauziba kwa kiganja changu. Akauondoa mkono wangu. Polepole, bila kusukuma. Kama ule wa Jumamosi.

Nimekaa na mkono huo pajani. Sijui niuweke wapi.

Saa kumi itapita, mhariri hatapata kitu. Haya naandika humu daftarini, midomo nimeifunga. Ninyi wasomaji wangu wa Jumapili, ninyi mliolia na makala yangu kisha mkaja nayo mpaka kwenye ngazi hizi: acheni kugonga. Futeni picha ya mnara. Msiombe mstari, msiombe kuonana, msiniombe mimi niwaeleze zaidi. Shukeni, mwende zenu.