Kura yangu ndiyo itakayomfungia kobe wa mama mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea habari za kazi. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo nitapiga kura, na kura yangu ama itaua chama chetu ama itamrudisha mama mkwe wangu kitandani, na mimi wiki ya tatu sasa chakula hakishuki.

Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani katika kiwanda cha kushona sare, na baadhi yetu pale kazini tuna chama kidogo, kila Jumamosi kazi ikiisha saa saba mchana tunaingia stoo ya vitambaa, tunakaa juu ya majora, tunawasha televisheni na kucheza gemu la kupigana. Gemu lenyewe lina wapiganaji ishirini na wanne, wote wanyama, wewe unachagua wako na mwenzako anachagua wake, mnapambana mpaka mmoja aishiwe nguvu, na mimi ndiye mwenyekiti, si kwa sababu najua kucheza bali kwa sababu televisheni ni yangu.

Mama mkwe wangu anafanya kazi hapohapo, huu ni mwaka wake wa thelathini na moja kwenye mashine ya matundu ya vifungo, kiwanda kizima kinamwita Mama Vifungo, na tangu baba mkwe alipofariki miaka miwili iliyopita anaishi kwetu. Nakwambia ukweli mshauri, nyumba ilikuwa nzito, akitoka kazini anaingia chumbani, anavuta pazia, anajilaza akitazama ukuta, na mke wangu anasimama mlangoni na sahani mpaka chakula kinapoa, halafu anakuja jikoni kulia.

Basi Jumamosi moja alikuja stoo kunifuata kwa kuwa ufunguo wa nyumba ulikuwa kwangu, watu wakamtania, wakamtia padi ya kuchezea mkononi, wakamwonyesha zile picha ndogondogo za wapiganaji achague, naye akanyoosha kidole bila kusita akasema nipeni hicho kifungo. Tulicheka tukashika mbavu, maana alichokiita kifungo kilikuwa gamba la kobe lililochorwa kutoka juu, la duara, na katikati lina madoa manne meusi yaliyokaa kama matundu manne ya kupitishia uzi, na kobe huyo hapakuwa na mtu aliyewahi kumchagua, anatembea polepole, mikono mifupi, teke hana.

Kobe ana jambo lake moja tu. Ukibonyeza kitufe sawasawa na pigo linapofika, anaingia gambani, na pigo linamrudia aliyelipiga kwa nguvu maradufu, lakini ukiwahi kidogo hakuna kitu na ukichelewa kidogo umeumia, na sisi tulishajaribu siku za mwanzo tukamtupa. Sasa fikiria mtu aliyekaa miaka thelathini na moja akiondoa mguu kwenye kanyagio kabla tu sindano haijavuka ukingo wa tundu, maelfu kwa maelfu ya mashati, huyo kuwahi na kuchelewa alishaviacha zamani. Mkataji wetu wa vitambaa, bingwa wa miaka mitatu mfululizo, alimjia na mwewe wake kwa kasi akitaka kumaliza haraka aende nyumbani, akapigwa na mapigo yake mwenyewe mpaka akalala chali, na mama mkwe akatugeukia akauliza, "Tayari?"

Tangu siku hiyo miezi saba imepita na hajafungwa hata mechi moja. Pazia likafunguliwa, sahani ikarudi tupu, na Jumapili moja nilimkuta anamwonyesha mke wangu kwa vijiko viwili jinsi alivyommaliza nge, wote wawili wanacheka mpaka chai inamwagika. Mshauri, mimi namtazama akicheza, mgongo umenyooka, jicho halipepesi, dole gumba linangoja na kungoja mpaka wewe unayetazama unataka kupiga kelele, halafu linashuka, na nasema bila aibu kwamba nampenda na najivunia kama mama aliyenizaa.

Tatizo ni kwamba wengine nao walimwona, wakaanza kumsoma kobe, na hawakufika alipofika yeye lakini ilitosha, kwa sababu aliyejifunza kobe nusu anamshinda aliyemjua mwewe mzima. Mashindano ya mwisho waliingia watu kumi na wawili, kumi na mmoja wakachagua kobe, na kobe akikutana na kobe wote wanaingia gambani, hakuna anayepiga, mnatazama magamba mawili dakika tatu mpaka kengele inalia, sare, na mama mmoja anayeshona lebo alisinzia akaporomoka kutoka juu ya majora. Ni mama mkwe peke yake anayejua kumtoa kobe mwenzake, anachomoza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyesahau, mwenzake anaingia tamaa na kupiga, basi kwisha. Lakini mechi za wengine zimekuwa adhabu, na tulikuwa ishirini, leo tumebaki kumi.

Mkataji akaleta hoja kobe afungiwe asichaguliwe tena, akasema gemu lina wanyama ishirini na wanne na sisi tumebaki kutazama mawe. Ndipo dada anayepiga pasi akasimama na kusema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Akishinda mkataji mnasema ni fundi. Akishinda mama mnasema ni kobe." Mama mkwe alisema yeye hawezi kupiga kura juu ya jambo linalomgusa, akarudi kwenye mashine yake, na waliobaki wanne wanataka kobe afungiwe, wanne wanakataa, wa tisa ni mimi.

Sasa naungama. Siku ya kura niliogopa, nikachomoa waya wa televisheni nikauficha chini ya droo ya bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, nikasema umeungua na nimeagiza mwingine, na kwa kuwa mimi ndiye fundi kila mtu aliamini, kikao kikaahirishwa, nikarudia hivyohivyo Jumamosi ya pili na ya tatu, mpaka wenzangu wakasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi kura itapigwa, waya uwepo usiwepo. Tangu hapo mama mkwe chakula cha mchana anarudi nacho nyumbani hakijaguswa, ingawa pazia bado halijafungwa, na mke wangu ameanza tena kumchungulia. Juzi saa ya chakula niliingia stoo kuchukua mafuta ya mashine nikamkuta yuko peke yake, televisheni inawaka, waya wangu umechomekwa, naye anacheza na panzi, mpiganaji dhaifu kuliko wote, anayekufa kwa mapigo mawili. Aliponiona alizima, akaukunja waya vizuri, akanipa mkononi na kusema, "Urudishe ulipoutoa, mwanangu," akaondoka. Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke, maana niliona amekwisha kujua kwamba kobe wake ataondolewa, na anajizoeza unyonge mapema. Nikipiga kura afungiwe nimemrudisha kwenye ukuta wake, nikipiga kura abaki chama kinakufa na yeye atabaki bingwa wa stoo tupu. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi wa vyerehani, mwenye waya.

Mshauri anajibu:

Wewe mwenye waya, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikikuhurumia na mara ya pili nikitafuta kitu cha kukuchapia. Nitaanza na huruma, maana unastahili. Wakwe wengi hawajui hata mama mkwe wao anakunywa chai na sukari ngapi, na wewe unajua dole gumba lake linangoja kiasi gani. Mke wako amepata mume.

Sasa tugombane. Mambo ya gemu siyajui, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenzangu wa ukurasa wa michezo, akanikalisha mbele ya televisheni yake na gemu la namna hiyo, nikapigwa na kila mnyama mpaka nikaumwa shingo. Nilichotoka nacho ni heshima kubwa kwa mama mkwe wako na kipimo kimoja alichonipa mwenzangu. Alisema mpiganaji wa kufungiwa si yule anayeshinda mikononi mwa mtu hodari, huyo ni wa kupigiwa makofi. Wa kufungiwa ni yule anayemfanya asiyejua amshinde anayejua. Rudi kwenye barua yako utazame ulichoandika kwa mkono wako: aliyejifunza kobe nusu anamshinda aliyemjua mwewe mzima. Umejijibu, ukaendelea kulia.

Dada wa pasi amesema kweli, na mimi nampigia saluti, ila ameielekeza kura upande usio wake. Maadamu kobe yumo, watu wataendelea kusema ni kobe. Kila ushindi wa mama yako wanampa mnyama. Huko gambani ndimo ufundi wake ulimofichwa, nawe unasimama mlangoni ukililinda gamba kwa machozi.

Halafu hilo la panzi. Baba, wewe unatengeneza mashine kwa kusikiliza sauti yake, mbona mtu humsikilizi? Waya ulikuwa chini ya droo ya bobini. Nani anafungua droo ya bobini kiwandani kwenu mara nyingi kuliko yeye? Wiki tatu chakula cha mchana kinarudi hakijaguswa, na pazia liko wazi. Mwenye huzuni hufunga pazia, umenieleza mwenyewe alivyokuwa akifanya. Huyu hakula kwa sababu saa ya chakula alikuwa na kazi nyingine. Wakati ninyi wote mmekaa na njaa ya gemu kwa sababu ya uongo wako, mtu mmoja tu alikuwa akicheza kila siku, na hakuwa akijizoeza unyonge. Ya kobe alishayamaliza yote. Alikuwa anatafuta mnyama mgumu zaidi.

Na akanyamaza kuhusu waya wako. Wiki nzima, au tatu, amekula nawe meza moja, hakukuaibisha mbele ya mkeo wala mbele ya mkataji. Alingoja mpaka ulipojileta mwenyewe, ndipo akakurudishia waya wako mkononi. Ulidhani wewe ndiye unayemlinda, kumbe ni yeye aliyekuwa amekufunika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa mwana mwenyewe halii hata kidogo.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla vyerehani havijawashwa, wakusanye wenzako wote tisa uwaambie waya haukuungua, uliuficha. Usizunguke. Watakucheka mwezi mzima, na utavumilia, maana njia ya mwongo ni fupi na wewe ulishafika mwisho wake pale stoo. Kisha mwendee mama yako. Usimwulize tufanye nini ili usiumie, hilo swali ni la mgonjwa. Mwulize kama anavyoulizwa bingwa: mama, wewe unayemjua kobe kuliko sisi sote, unaona tumfungie au tumwache? Jibu lake libebe mpaka kwenye kikao, na sitashangaa ukikuta lilikuwa tayari kabla hujamaliza kuuliza. Mimi naamini atasema afungiwe. Akisema abaki, mwombe sababu mbele ya wote, nayo ipimwe kama sababu ya mtu yeyote, kisha upige kura yako kwa akili yako. Mwenyekiti hapewi kiti ili akifiche chini ya droo.

Kobe afungiwe msimu mmoja, si milele, mtamtazama tena baadaye. Na kabla hajafungiwa mpeni Jumamosi moja ya kumuaga. Wote wachague kobe, mama akae katikati, apigane na mmoja baada ya mwingine mpaka achoke au mwishe. Waliokimbia chama waiteni waje waone. Mkataji akae mbele kabisa.

Jumamosi inayofuata atakuja na panzi wake. Atafungwa mechi za mwanzo, nawe usithubutu kumtazama kwa jicho lile la sahani iliyopoa. Kufungwa si kufiwa, yeye anaijua tofauti kuliko wewe. Baadaye ataanza kushinda. Siku hiyo usikae pembeni juu ya majora ukijifanya mwenyekiti. Chukua padi, kaa mbele yake, mchague mnyama unayemtaka, upigane kwa nguvu zako zote, mkwe au si mkwe. Atakupiga. Na watu wakikuuliza umepigwa na nani, usije ukasema panzi. Sema umepigwa na mama.