Mwamba Uliokatazwa Kuchemka

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanao watatu. Hamjambo? Safari hii siulizi kwa mazoea, nataka kweli kujua kama mu wazima. Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, hata chakula nakikinai.

Wajua kazi yangu ni kupima mawe ya chini ya ardhi kwa ajili ya kiwanda cha ngozi. Kinanuka kile, dada! Mayai viza mbele yake ni manukato. Maji yao machafu yenye asidi hayamwagwi mtoni. Yanasukumwa kwa bomba hadi chini kabisa ya ardhi, upande huo wa kwenu. Meneja hupenda kuwaambia wageni, huku amejishika kitambi, kwamba juu ya maji hayo kuna mwamba mgumu kama mfuniko, hakipandi kitu.

Kuuthibitisha mfuniko huo ilikuwa kazi yangu. Unadondoshea jiwe tone la asidi. Likinyamaza, salama. Likitoa povu, lina chokaa, na asidi itaitafuna chokaa hiyo mpaka ipate njia. Jiwe letu lilichemka povu kama sabuni. Nilipompelekea meneja taarifa, alisema asidi yangu ni kali mno, niizimue. Akaongeza kwamba mawe hayana haraka, yatatuzika sisi kwanza. Ofisi nzima ikacheka. Ptu! Watu wazima ovyo.

Halafu ikaja barua yako ya mwezi jana. Unafurahi kwamba birika limejisafisha lenyewe, ule ukoko mweupe mliokuwa mkiukwangua kwa kisu umetoweka, maji ya kisima yamebarikiwa. Ukoko ule ni chokaa, dada. Kilichoula kwenye birika ndicho kilichoula mwamba. Asidi imefika kisimani kwenu, na imebeba sumu ya dawa za kusindikia ngozi. Maji hayo yamwageni leo hii. Msinywe, msipikie, hata mswaki msipigie.

Sasa lililonikaa kooni. Asidi ile niliizimua, kwa mkono wangu huu, kwa maji ya bomba. Jiwe likanyamaza, nikatia sahihi. Na likizo iliyopita nilipokuja kwenu na chupa zangu za maji, nilidanganya kwamba daktari amenikataza maji ya kisima. Mkanitania kuwa nimekuwa bwana mkubwa. Mwanao wa mwisho akanijazia glasi ya kisimani, heshima ya mjomba. Nilisubiri ageuke, nikaimwaga dirishani. Kisha nikakaa nikimtazama akinywa yake. Meneja ananitia kinyaa, lakini mimi najitia kinyaa zaidi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kipimo cha kwanza, kabla sijaizimua asidi. Shemeji aipeleke kwa bwana afya, wala asinihurumie kwa sababu jina langu limo.

Nisalimie wote. Watoto usiwaambie kwamba mjomba anawapenda. Waambie wasinywe.

Mdogo wako,
mpima mawe