Mvuke wa Mama

Murungu, Jumanne, Agosti 1975

Leo tena Mama kanifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Nilijua kitakachotokea. Daktari wa Kasulu, aliyeniambia ugonjwa huu unakula utando wa mishipa ya fahamu, alinionya nikae mbali na joto kali. Nikainama hivyo hivyo.

Blanketi lilipoondolewa, jicho la kulia lilijaa ukungu na miguu ikakataa kunibeba. Mama akafurahi. "Unaona jasho hilo? Ugonjwa unatoka, mwanangu."

Nilitaka kumfokea. Mimi mwalimu wa sayansi, naburutwa hadi kitandani kama gunia la maharage!

Mwili ulipopoa, nikaona tena vizuri. Angalau hilo.

Vidonge vya Kasulu vimebaki sita. Daktari alisema vinatuliza tu ugonjwa unapopamba moto, haviponyi, na dawa ya kuponya haipo popote, hata Ulaya. Mama hajui hilo. Nikimkataza mvuke wake, ataniuliza sasa tutumie nini, na itanibidi nimwambie kwamba hakuna.

Kesho anachemsha tena. Ameshaazima chungu kikubwa zaidi.